Maua Meupe Chini ya Picha ya Bi Gapdan

Jomrye hakuwa amewahi kukanyaga ukumbi wa sanaa maishani mwake, na siku alipoukanyaga alitamani ardhi ipasuke immeze.

Asubuhi hiyo basi la wilaya liliwachukua wanafunzi wa kisomo cha watu wazima wa kijijini kwao, wanawake watupu, wengi wao wenye wajukuu, likawavusha Mto Seomjin hadi mjini kutazama maonyesho. Michoro iliyotundikwa ilikuwa yao wenyewe. Kila mmoja alikuwa amechora jambo moja la maisha yake, kisha akaandika chini yake maneno machache kwa mkono wake. Njiani waliimba na kutaniana kama wasichana wa shule, maana usichana wao wa kweli uliwapita bila shule.

Jomrye alikuwa amemchora mama mkwe wake, Bi Gapdan. Miaka ya mwanzo ya ndoa yake, ulimi wa bibi huyo ulimliza mara nyingi nyuma ya mitungi ya kimchi, kabichi ya kuchachushwa. Lakini mume wa Jomrye alipofariki, wakabaki wanawake wawili ndani ya nyumba moja. Na habari za darasa zilipofika kijijini, ni Bi Gapdan huyo huyo aliyemfukuza aende. "Nenda bwana! Mimi sifi leo. Na nikitaka kufa, nitakusubiri urudi." Tangu hapo, kila siku ya darasa, kikongwe yule mwenye magoti mabovu alikaa jikoni kulinda chungu cha supu. Kati yao wawili shukrani ililipwa kwa bakuli la supu, haikupata kutamkwa. Jomrye alitaka itamkwe kabla mmoja wao hajafumba macho. Ndiyo sababu alimchora, na ndiyo sababu alimwomba mwanawe, Sangho, amlete bibi yake kwa kiti cha magurudumu.

Sasa alisimama mbele ya mchoro wake.

Michoro ya wenzake ilikuwa na fremu za mbao nyeupe. Wake, kwa kuwa ulikuwa mkubwa, ulitiwa fremu nyeusi, kama ile ya picha ya marehemu msibani. Ndani yake Bi Gapdan alitazama mbele moja kwa moja, bila tabasamu, mvi zimegawanywa katikati. Tena chini ya ukuta huo kulikuwa kumepangwa vyungu vya maua ya vuli, vya njano na vya zambarau, na vile vyeupe, maua yale ya msibani, vikatokea kuwa chini ya uso wake. Hapakukosekana ila ubani.

"Ee, Mama Sangho," alisema Pilsun, jirani yake, "mbona hukutuambia kuna msiba? Tungekuja na rambirambi."

Wanawake waliangua kicheko, kisha wakaona machozi ya mwenzao, wakakizuia.

Mwalimu Hayong, binti aliyeweza kuwa mjukuu wao, alishika kichwa. "Maskini mimi, mama! Nilipoutundika niliutazama mchoro tu, sikuyaona maua."

"Mwalimu, nimemzika mtu mzima aliye hai! Anakuja sasa hivi!"

Jomrye alikumbatia chungu kimoja cha maua meupe akikipeleka mbali. Hakufika mbali. Mlango ulifunguka, Sangho akaingia akisukuma kiti, na juu ya kiti Bi Gapdan, katika koti lake la hariri la sikukuu.

"Wewe mkaza mwana," alisema kikongwe, "siku hizi unaiba maua?"

"Mama, nisamehe..."

Bi Gapdan aliinua kidole, na Sangho akamsogeza hadi ukutani. Aliitazama fremu. Aliyatazama maua yaliyosalia. Akautazama uso.

"Nimekufa lini?"

Pilsun alijificha nyuma ya mwalimu.

"Mama, ni fremu tu, hawakujua..."

"Hebu nyamaza, namwangalia marehemu." Alivaa miwani yake pole pole. "Pua ni yangu. Kunyanzi hili nalo ni langu, lilianza mwaka tuliopoteza ng'ombe. Ile picha niliyopigwa mapema kwa ajili ya mazishi yangu, mpiga picha alinifuta makunyanzi yote nikawa kama yai lililomenywa. Mume wangu angenitambuaje huko ahera? Angenipita tu! Rudisha hicho chungu mahali pake." Kisha akaelekeza kidevu chini ya mchoro, kwenye maandishi asiyojua kuyasoma. "Na hayo? Soma."

Jomrye aliweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Mama. Nilipoolewa nilikuogopa kuliko chui. Sasa nikitoka darasani naona mvuke dirishani, nami najua unanilindia chungu. Nilifika kwako nisijue jina langu linavyoandikwa. Leo naliandika. Ahsante, Mama. Jomrye."

Bi Gapdan alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

"Hukukwama hata mahali pamoja," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imepungua ukali. "Watu husifiwa masikio yakishajaa udongo. Mimi nimezisikia sifa zangu nikiwa hai." Akageuka. "Sangho! Siku yangu ikifika, weka hii. Ile ya yai itupe. Na kama leo ni msiba wangu, iko wapi supu ya nyama ya msibani? Mnamlaza marehemu na njaa?"

Kicheko kilichozuiliwa kikapasuka. Pilsun alijitokeza na kikapu chake, wakatoka wote kwenye ngazi za nje zenye jua, wakatandaza wali uliokunjwa kwa mwani, mayai ya kuchemsha na matunda mabivu ya persimoni.

"Kesho si siku ya darasa?" aliuliza Bi Gapdan.

"Ndiyo, Mama."

"Basi usichelewe. Chungu nitakilinda."

Jomrye akamenya yai, akalichovya chumvini, akamlisha marehemu wake.