Kiti cha Upande wa Kulia

Kwa jina la Mola aliyetujaalia viungo viwili viwili, ili kimoja kikilemewa kingine kishike zamu.

Wa kutajwa ni watatu: fundi cherehani, aliyepooza mkono wa kulia, mkewe, ambaye majirani walimwita Bi Sindano kwa kazi yake na kwa ulimi wake, na mdogo wa fundi, seremala, mtu mwenye huruma nyingi na haraka inayoishinda huruma.

Chumba chao cha kazi kilikuwa na cherehani mbili za miguu, ubavu kwa ubavu, zikiuelekea mlango. Miaka thelathini Bi Sindano aliketi kushoto kwa mumewe. Pazia refu likipita kwenye sindano ya fundi, yeye alilipokea lisiburure sakafuni, wala hawakuhitaji kuambizana.

Sasa seremala alikuwa amekata shauri: Jumamosi angeleta mkokoteni aiondoe cherehani ya kaka yake, maana mgonjwa atazamaye kazi asiyoiweza, alisema, huugua mara mbili. Tangu siku hiyo fundi alikula akiupa mlango mgongo, na Bi Sindano akajua kwamba cherehani ikitoka, mwenyewe naye atakuwa ametoka. Akapokea kazi ya pazia la ukumbi wa shule, akamtumia shemeji yake salamu: likishonwa kwa cherehani hiyo kabla ya Jumamosi, mkokoteni urudi mtupu.

Alhamisi wakajaribu. Bi Sindano akaketi kushoto kama ada. Fundi alikanyaga, lakini gurudumu lililozoea kuanzishwa kwa mkono wa kulia likarudi kinyume, uzi ukakatika. Mkewe akapitisha mkono kifuani pa mumewe kulifikia. Kiwiko kikampiga kidevu. Mara tatu ikawa hivyo.

"Mwache aichukue, mke wangu," fundi akasema. "Nimekuwa mzigo ubavuni mwako."

"Mzigo hubebwa, baba watoto. Mimi nawe tunakaa."

Asubuhi ya Ijumaa, akifagia, aliviona vishimo vinne ambavyo miguu ya kiti chake ilikuwa imevichimba sakafuni. Akasimama na ufagio wake. Mazoea ndiyo yaliyomkalisha pale, upande wa mkono mzima usiomhitaji. Akakivuta kiti hadi kulia, akajibana kati ya gurudumu na rafu ya ukutani. Yeye akaanzisha gurudumu. Fundi akakanyaga, akaongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto. Nalo pazia likalala juu ya cherehani ya mkewe iliyobaki bila mtu. Mshono wa kwanza ulipinda. Wakaufumua. Wa nne ukanyooka.

Jumamosi seremala akalikuta pindo la mwisho likimalizwa.

"Shemeji, umehama?"

"Nimehama upande. Mtu ni yuleyule."

Seremala akacheka, akasema ulimi huo ungetosha kushonea magunia. Kisha akaona jinsi goti la shemeji yake lilivyobanwa na rafu. Akatoa bisibisi mfukoni, akaibandua bila kuombwa. Mkokoteni ukatoka na pazia tu, na fundi akala chakula cha mchana akiuelekea mlango.

Ewe Mola, walio wawili uwadumishe pamoja. Na aliyebakia peke yake, umjaalie wa kuketi upande wake uliodhoofu. Amina.