Goti la Mama Kizimbani

Usiku wa kuamkia leo niliota niko mahakamani, na mahakama yenyewe ni kile chumba cha mama cha kushonea, hapa Korogwe. Hakimu ni futi, ile kamba ya mafundi ya kupimia. Imejiviringisha kitini, imevaa miwani.

Sikushangaa. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kesi. Mama yangu, Bi Mwanahawa, aligongwa na bodaboda akienda sokoni, na tangu hapo hawezi kukanyaga cherehani. Kampuni ya bima ya bodaboda hiyo haitaki kugharamia matibabu, eti goti lake lilikuwa bovu tangu zamani. Mjomba Kilua naye kamshauri akane: aseme halijawahi kumuuma, na eksirei ya zamani aifiche.

"Shahidi aingie," futi inasema.

Goti la mama linaingia peke yake, limefungwa bandeji. Linajikunja kidogo kwa heshima, kisha linakaa kwenye kigoda.

Wakili wa bima ni tai ya shingoni. Tai tupu, shingo hakuna. "Uliwahi kuuma kabla ya ajali?"

"Sijawahi," goti linajibu, na hapohapo linavimba. "Hata siku moja," linaongeza, na sasa limeziba mlango. Cherehani imebanwa ukutani, inalalamika. Mimi nimesukumwa dirishani, napumulia nje.

"We goti, utatuua!" napiga kelele. "Sema kweli!"

Goti linashusha pumzi. "Nimeuma miaka mingi. Jioni napakwa dawa, asubuhi nakanyaga. Sare za shule za mtaa huu zote zimepita kwangu. Niliuma, lakini kazi haikulala."

Linanywea taratibu. Machozi yananitoka. Sijawahi kujivunia kiungo cha mtu namna ile.

"Si mmesikia? Lilikuwa bovu!" tai inashangilia. "Kitu kibovu hakiharibiki."

Futi inavua miwani. "Lilikuwa linakanyaga?"

"Kila siku," cherehani inajibu.

"Na sasa?"

Cherehani inaonyesha kikanyagio chake, kimejaa vumbi.

Mara tuko barabarani, pale mama alipogongwa. Futi inajinyoosha juu ya goti, inapima, inachora mstari kwa chaki. "Maumivu ya chini ya mstari ni ya zamani, hayo mwenyewe kayazoea. Ya juu yameletwa na pikipiki. Tai, beba."

Tai inajifunga kwenye mzigo na kuanza kuukokota, ikihema.

Nikaamka, nikaenda moja kwa moja chumbani kwa mama. Alikuwa ameshavaa, tayari kwa kesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nishushie ile eksirei ya zamani, iko juu ya kabati."

"Mjomba si alisema uifiche?"

"Kilua hajawahi kushona hata kifungo. Goti langu nalijua mimi. Lilikuwa linauma, na nilikuwa nafanya kazi. Yote mawili nitayasema, mchana kweupe."

Nilimpenda mama yangu leo asubuhi kana kwamba ndiyo kwanza tumekutana. Nikainama nimvalishe viatu, na hapo nikaona mstari mweupe wa chaki umekatiza gotini, umenyooka sawasawa.

"Umejichora lini, mama?"

"Nijichore na nini? Chaki sijaigusa tangu nigongwe."

Akalowesha kidole aufute. Nikamshika mkono.

"Uache, mama. Twende nao."