Sale Mkononi mwa Baba Mdogo

…na mtu asije akasema hakuambiwa, maana Mwalimu Ruth aliwaambia wote jana, polepole, kama anavyowaambia watoto wa darasa la tatu kila asubuhi, kesho kila mtu aje na kitu kimoja kutoka nyumbani kwake, asimame, akiinue tukione, akitaje kwa Kiingereza, halafu aseme hiyo ni nomino ya kundi gani, ya kawaida, ya pekee au ya makundi, zile dhahania tutazifanya mwisho kwa sababu haziingii kwenye mfuko, na watu wazima wakacheka, Sirili akauliza, "Mwalimu, na mke wangu nimlete?" na Goodness akamjibu kutoka nyuma, "Mlete, tumuulize anakuvumiliaje," basi leo wapagazi hawa wamekuja na vitu vyao kweli, mabenchi ya ukumbi wa usharika hapa Rau yamejaa vikombe na nyembe na vibuyu, Sirili ameinua kamba yake ya kufungia mizigo ya wazungu, "This is a rope, rope is common noun," akapigiwa makofi, Goodness ameinua Biblia ya bibi yake akasema ni ya pekee, wakabishana mpaka akakasirika, na sasa wote wamekwisha isipokuwa mmoja, yule wa benchi la dirishani mwenye koti la kahawia, naye Ruth amemwacha wa mwisho kwa makusudi, kama mtu anavyouacha mnofu pembeni ya sahani. "Mzee Eliudi, karibu, ni zamu yako." Sauti laini kabisa, hakuna humu anayejua kwamba huyo Mzee Eliudi ni baba mdogo wa Ruth, aliyemfuata marehemu baba yake, Eliezeri, kwa kuzaliwa, siku ya kwanza alipoingia mlangoni Ruth alimwambia shikamoo kwa sababu mdomo ulishazoea kabla ya moyo kuuzuia, naye akaitikia, "Marahaba, Mwalimu," hakusema mwanangu, alisema Mwalimu, akainamisha kichwa akatafuta benchi la mbali, na tangu siku hiyo kila jioni shikamoo, kila jioni marahaba, na kila shikamoo humkwaruza koo Ruth kama mwiba wa samaki… inuka basi, mbona unajikongoja, alfajiri ile hukujikongoja. Alfajiri ile Ruth alikuwa na ndoo kichwani, matanga ya baba yalikuwa yamekwisha jana yake, majivu ya kupikia wageni bado ya moto uani, akamwona baba mdogo ameinama mpakani kwetu kule juu Mbokomu, anang'oa masale, ile mimea ya majani marefu, na kila mtu wa mlima huu anajua masale ndiyo ukuta wetu, kihamba cha mtu, shamba lake la ukoo, kinaishia pale masale yake yalipopandwa, hayo yalikuwa yamepandwa na babu kuwagawia wanawe wawili, naye anayang'oa moja moja na mizizi yake, anayabeba begani kama kuni, anakuja kuyapanda upya hapa, hapa karibu na jiko letu, mpaka mama alipofungua mlango kumwaga maji yakamwagika kwenye kihamba cha mtu mwingine. "Shemeji, nini hiki?" Naye bila kuinua uso, "Kaka hakuacha mtoto wa kiume, Mama Ruth, ukoo umeshasema." Ukoo gani, ukoo ulikuwa bado umelala, ukoo uliamka ukakuta masale yameshapandwa, ukanyamaza, ukanywa pombe yake ya mbege… "This is," anaanza baba mdogo, anakohoa, mkono umeingia ndani ya koti, "this is…" na Sirili anamsaidia kwa mzaha, "Toa mzee, au umetuletea chui?" watu wanacheka, Ruth hacheki, anageuza chaki kati ya vidole. Kwa sababu Jumamosi anakuja Jasvinder, mwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani, atasimama pale mlangoni akichezea funguo za gari kama kawaida yake, hana mtihani wala karatasi, atawanyooshea kidole mmoja mmoja na kuuliza, "Huyu vipi, Mwalimu?" na Ruth atajibu tayari, au atajibu bado, wa tayari ataacha kubeba mizigo kichwani atakuwa mwongozaji, atatembea mbele na fimbo nyepesi akitaja majina ya ndege, wa bado atarudi kubeba, na baba mdogo magoti yamekwisha, kila mtu anaona, kahawa aliyojivunia kwenye kihamba cha watu imeshuka bei mpaka ameing'oa nayo, huyo mtu wa kung'oa, hana kilichobaki isipokuwa neno moja la mtoto wa kaka yake, na neno hilo Ruth amelifanyia mazoezi akiosha vyombo, bado, akifua, bado, analiweka mdomoni analigeuza kama pipi, hatalisema kwa hasira, hapana, atalisema kwa upole na masikitiko kidogo, nimejaribu, Bwana Jasvinder, lakini huyu mzee nomino zenyewe hajazitenganisha, bado, na atamtazama usoni wakati linatua… na uso huo sasa unatoa jasho, mkono unatoka kotini, na kilichomo mkononi ni jani. Refu, kijani, kingo zake zina njano iliyofifia, sale, ndiyo, sale, na limefungwa fundo katikati. Sirili alikuwa amefungua mdomo kwa mzaha mwingine, anaufunga. Goodness ananong'ona, "Mama yangu wee," na mzee mmoja wa benchi la mbele anavua kofia. Hakuna Mchaga asiyelijua fundo hilo, mtu hafungi sale kwa mchezo, ukimletea mtu sale lililofungwa umesema nimekukosea, naomba yaishe, na aliyeletewa halikatai, hata angekuwa ameuliwa ng'ombe, hata angekuwa amepigwa mbele ya watu, akilikataa kosa linahamia kwake, hivyo ndivyo alivyolelewa Ruth, hivyo ndivyo walivyolelewa wote humu, na wote wanamtazama yeye, wanamtazama mzee, wanamtazama yeye tena. "Sijui jina lake kwa Kizungu, Mwalimu," anasema baba mdogo, "nimeleta… nimeleta tu kutoka nyumbani kwangu." Kwangu! Amesema kwangu! Kwako wapi, hilo jani umelikata wapi kama si kwenye yale yale uliyoyapanda jikoni kwetu, umenyofoa jani la ukuta uliotufungia nje ukalifunga fundo ukaniletea kama zawadi, na ulivyo mjanja, ulivyo mjanja baba mdogo, umeichukua ardhi na sasa unataka kuichukua na hasira, umejua sitakataa mbele ya watu hawa, umejua mkono wangu utanyooka wenyewe kama shikamoo inavyotoka yenyewe, na nikishalipokea Jumamosi nitasemaje bado, nitaanzaje… mkono wake wa kulia kweli umeanza kusogea, anaukamata na ule wa kushoto, chaki inavunjika, kipande kinabingirika chini ya meza, hakuna anayekiokota. Apokee? Mama yuko Njoro wakati huu, kwenye kile chumba cha kupanga, ameketi kitandani anachambua mchele ingawa macho hayaoni vizuri tena, mama aliyeuza ndizi sokoni Mbuyuni mpaka mtoto akawa mwalimu, ambaye haombi nyumba wala migomba, huomba kitu kimoja tu kila akiugua, "Ruth mwanangu, mimi mtanilaza wapi?" kwa sababu baba amelala mlimani, ndani ya kihamba, chini ya migomba yake kama watu wote wanavyolazwa kwao, na mama hajawahi kukanyaga pale tangu siku waliyoshuka na godoro, hajafyeka hata jani moja juu ya kaburi la mumewe, na Ruth humjibu, "Usiseme hivyo mama," halafu hutoka nje… na sale limeletwa wapi? Hapo ndipo akili ya Ruth inapogonga na kusimama. Limeletwa Rau. Limeletwa kwa mwenye neno la Jumamosi. Aliyeng'olewa ni mama, aliyeambiwa hana mtoto wa kiume ni mama, maji ni ya mama yaliyomwagika kwa watu, na sale hupelekwa kwa aliyekosewa, mlangoni kwake, na mzee mwingine wa kushuhudia, hata mtoto mdogo wa kule juu anajua, ila baba mdogo kwa miaka yote hii hajawahi kumhesabu mjane wa kaka yake kuwa ni mtu wa kuletewa chochote, kwa hiyo hata toba yake imempita mama mlangoni ikaja kubisha hodi kwa mwenye cheo. Umekosea nyumba, baba mdogo. Umekosea nyumba! Na jinsi anavyolisema hilo moyoni kitu kinamtulia Ruth kifuani, baridi na kitamu, kitamu kuliko bado, lile neno la bado analitafuta mdomoni halioni, limekuwa dogo, neno la kumsemea mtu pembeni kwa Jasvinder, kumbe hakutaka huyu mzee abebe mizigo ya wazungu, anataka abebe jani hili. Alibebe mkononi, si ndani ya koti, atoke nalo hapa jua likiwa bado linawaka, ashuke nalo barabarani, apite mjini kwenye maduka na vibanda, apite sokoni ambako kila mama anayeuza ndizi ameshuka kutoka mlima huu huu na kila mmoja akiona fundo atajua huyu amemkosea mtu, watamgeukia, watanong'ona, nani, amefanya nini, anampelekea nani, mpaka Njoro, mpaka kwenye mlango wa bati uliobonyea, na mama atauliza, "Nani?" kwa sababu haoni vizuri, naye itabidi ajitaje kwa mdomo wake, na ataje alichofanya, na ataje mahali atakapolazwa mama, kwa Kichaga, polepole, nomino moja moja, na mama akilipokea au asipolipokea ni shauri la mama… yule mzee wa mbele aliyevua kofia atamsindikiza, ndiyo, ameshuhudia. Nje mbwa anabweka, mtu anapita na baiskeli, Goodness amejishika mdomo kwa mikono miwili, na baba mdogo bado amesimama, mkono umenyooka, jani limeanza kulegea kwa jasho la kiganja, macho yake kwenye mkono wa Ruth, anausubiri unyooke, na mkono haunyooki, Mwalimu Ruth anaitafuta ile sauti yake ya darasa la tatu, ile ya kumwambia mtoto aliyekosa hesabu asilie, arudi tu mwanzo wa mstari, na anaipata, iko pale pale, laini kabisa.