Taa Ambayo Haikuwaka

...na kama angeamka mapema kidogo tu, kabla mama mkwe hajatoka na mkoba wake na kujiweka kiti cha nyuma kama bibi harusi, angekuwa ameshairudisha ile globu ya dashibodi mahali pake na hakuna ambaye angejua, lakini wapi, bibi huyu huamka kabla ya majogoo, na sasa mwalimu ameinama chini ya boneti, anajifanya anakagua injini, na globu yenyewe iko mfukoni mwa suruali, ndogo kama punje ya mahindi, anaisikia pajani kila akibadili mguu, na binti yake yuko kwenye usukani anaita, "Baba, taa ya breki haijawaka," kwa sauti ile ile ya mafunzo, sauti aliyomfundisha yeye mwenyewe, kwamba dereva hafungui swichi akaondoka tu kama anayefukuzwa, kwanza anazisoma taa za dashibodi, ambazo zote sharti ziwake swichi ikifunguliwa, moja moja, kwa sauti, na mwalimu anajibu "nimeiona" kwa kila moja, ndipo gari liwashwe, wanafunzi wake wote hufanya hivyo, watu wanawacheka barabarani, nyie mmefundishwa na Mwalimu Breki nyie, maana ndilo jina walilompa, kwa kule kupiga kelele breki! breki! mpaka wenye maduka wanatoka nje, na yeye jina hilo amelivaa miaka yote kama koti jipya, jamani, Mwalimu Breki... "Vuta handibreki," anasema, si kwamba hajui, anatafuta muda, "Nimevuta, Baba, haiwaki," bila shaka haiwaki, itawakaje, hata ungeivuta hiyo handibreki mpaka ing'oke, mwanangu, haiwaki...

Ilianza kwa kuwaka kwenye kona na kuzima, kuwaka na kuzima, kisha siku moja ikabaki pale pale, nyekundu, wakati mama mkwe amekaa mbele, na yeye ambaye hata chumvi ikizidi hanyamazi akauliza, "Mkwe wangu, hiyo taa inasemaje?" na mwalimu akajibu papo hapo, bila hata kumeza mate, "Hiyo ni handibreki tu, Mama, haijashuka vizuri," uongo mwepesi namna hiyo, kwa mama wa mke wake, ambaye alimwambia, "Mimi nikiwa na wewe kwenye gari nafumba macho nalala"... kesho yake akafungua kile kikopo cha oili ya breki, akaona imeshuka chini ya mstari, akaijaza, taa ikazima, na jirani aliyekuwa anafua ng'ambo ya ua akamsifu, "Ndiyo maana wewe ni mwalimu," naye akafuta mikono taratibu, akaringa, alaa, akaringa kabisa, huku anajua, hilo ndilo linalomchoma, alijua, ndiye anayewaambia wanafunzi kwamba oili ya breki haiyeyuki hewani, ikishuka ama inavuja ama pedi za breki zimelika, na anayeongeza oili bila kutazama magurudumu amemziba mgonjwa mdomo asilalamike, maneno yake hayo, huwa wanacheka akiyasema... ilipowaka tena jana hakujaza wala hakutazama, jioni ile ile alifungua dashibodi kwa bisibisi ya jikoni, akaitoa globu, akaitia kwenye kopo la vifungo la mke wake, ikakaa humo mpaka asubuhi hii, na usiku akala akashiba... basi si ungempelekea fundi, fundi yuko hapo karibu na soko, lakini fundi yule ni mwanafunzi wake wa zamani, alimfelisha mbele ya wenzake wote, kijana anajua kuendesha kuliko yeyote siku ile lakini aliruka taa moja, hakusoma, naye akamwambia shuka, gari si baiskeli, rudi ukiwa umejifunza adabu, na kijana akashuka macho chini, sasa umpelekee gari huyo, umwambie nini, karibu fundi, taa nimeing'oa... bora afe. Loo, bora afe, ndivyo alivyowaza, na hakuwaza nani atakuwa ndani ya gari wakati huo.

"Oili je, Baba?" "Imeshuka kidogo." "Inavuja?" "Hapana, magurudumu ni makavu," hapo angalau kasema kweli, ameinama akayatazama yote manne, makavu, na ingekuwa heri yangekuwa yamelowa, maana sasa imebaki sababu moja tu, na jana pale kwenye mteremko wa hospitali alisikia chuma kinasaga chuma, krrr, akaongeza sauti ya redio, mtu mzima, ndevu zote hizi, anashindana na breki kwa redio... mteremko huo huo watakaoteremka leo, huyu mtoto kwenye usukani kwa sababu yeye mwenyewe alisema mchukue bibi yako, mimi nina wanafunzi, na bibi ana miadi ya macho aliyoingoja mpaka akakata tamaa, na chini kabisa kwenye mteremko kuna kivuko cha watoto wa shule... "Kama haivuji si itakuwa pedi?" binti anasema, anajisemea, anahesabu sababu kama alivyofundishwa, na mwalimu anajiambia, sema sasa, sema, lakini mama mkwe anadakia kutoka nyuma, "Mkwe wangu, gari limepona au tuliombee?" na binti anacheka, na akili yake changa inampelekea baba yake njia ya kutokea, safi, imefagiwa, "Aa, basi ni globu tu imeungua, si ndiyo Baba? Globu ikiungua si kwamba breki mbovu, tutanunua njiani," na bibi, "Baba yako akisema twende, twende, mie nafumba macho yangu, yenyewe hata hayaoni"... na ni rahisi kiasi hicho, aseme ndiyo, afunge boneti, jioni azibadilishe pedi mwenyewe, kimya kimya, na hakuna wa kumcheka, ila kwamba mtoto huyu akikanyaga pale mteremkoni na kanyagio likaenda mpaka chini, atakanyaga tena, na tena, na atakuwa anamwamini mpaka dakika ya mwisho, atadhani amekosea yeye, hiyo ndiyo, ee Mungu wangu, atadhani ni yeye hakukanyaga vizuri...

"Haya, nasoma mara ya mwisho tuondoke, tumechelewa," anasema binti, na anaanza, "Taa ya betri," na mwalimu anajibu, "Nimeiona," akiwa nyuma ya boneti, haoni betri haoni chochote, bati tupu mbele ya uso, mdomo umezoea tu, "Taa ya oili ya injini," "Nimeiona," na ana aibu, ana aibu mpaka kwenye kucha, si ya fundi tena wala ya jirani, watacheka, wacheke, wamwite Mwalimu Globu hata wajukuu wake wakue nalo, aibu iliyomshika sasa ni ya huyu aliyekaa pale na mikono miwili kwenye usukani kama alivyoelekezwa, anayesoma bila kuruka hata moja, kwa sababu baba yake alisema... "Taa ya joto," "Nimeiona," "Taa ya mkanda," "Nimeiona," "Taa ya breki," anasema binti, anaacha ile nafasi ya mwalimu kujibu, mkono uko kwenye ufunguo, mkoba wa bibi uko magotini, boneti bado iko wazi, na mwalimu anaingiza vidole mfukoni.

"Nimeitoa," anasema. "Nimeitoa mimi, mwanangu. Zima swichi."