Kalsiamu ya Mama

Kila asubuhi, hata kabla ya kupiga mswaki, mpima ardhi aliliamkia tangi lake la matumbawe. Alivuta maji kidogo kwa bomba la sindano, akayatia kwenye kichupa cha kioo, akadondoshea dawa ya kupimia huku akikitikisa, mpaka maji yakatoka rangi ya waridi yakageuka buluu. Kwa idadi ya matone alijua matumbawe yameamka na kalsiamu kiasi gani, akaongeza iliyopungua, polepole, mbele ya pampu, maana matumbawe hayataki pupa. Jioni ilikuwa zamu ya magadi. Viwili hivyo hakuvitia pamoja hata siku moja. Vikikutana kwa wingi hushikana na kuanguka chini kama vumbi la chokaa, na kazi yote inakuwa bure.

Mama yake alilala chumba cha nyuma. Mifupa yake ilikuwa imechoka, na mgongo ulikuwa umepinda hivi kwamba akisimama alitazama vidole vyake vya miguu. Yeye naye aliamkiwa kila siku, mwanawe akiwa ameshika kitasa cha mlango.

"Shikamoo, Mama. Umeamkaje?"

"Marahaba, baba. Keti kidogo, nikusimulie siku uliyozaliwa. Kichwa changu kimeanza kuvuja, nisije nikaisahau."

"Nikirudi, Mama."

Akirudi, alipiga magoti mbele ya tangi. Tusimwonee, mama yake alimpenda, na godoro alilomnunulia lilikuwa la bei mbaya. Kukaa ndiko kulikomshinda.

Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akimwogesha mama mkwe na kumkata kucha, aliliona hilo likamkaa kooni. Siku moja alimkokota mama, kiti na vyote, hadi sebuleni, akamweka ubavuni mwa tangi, bega likigusa kioo. "Hapa atakuona, atake asitake," alisema.

Wiki hiyo kalsiamu ikaanza kupotea. Mpima ardhi aliipandisha hadi kipimo cha mia nne na ishirini, kesho yake akaikuta chini kabisa. Akaongeza dozi, nayo ikanywewa. Matumbawe hayakuwa yamekua hata unene wa ukucha.

"Umemwaga kalsiamu na magadi kwa pamoja?" alimuuliza mkewe.

"Mimi na madude yako wapi na wapi? Na kama ningemwaga, lile vumbi si ungeliona?"

Vumbi halikuwapo. Kilichokuwapo ni mama, ambaye asubuhi hiyo alisimama wima akafikia rafu ya juu jikoni, akajichukulia kikombe mwenyewe.

"Inapita kwenye kioo," alieleza, akipuliza chai. "Naisikia ikiingia mifupani. Asubuhi ni chungu kidogo, jioni ina chumvi."

Mpima ardhi alikubali kwa kichwa. Hesabu zilikuwa zimelingana.

Jioni hiyo taa nyeupe ya tangi ilipozimika na ile ya buluu kuwaka, mama alichanua. Kwenye viwiko, mabegani na kuzunguka shingo ilifunguka midomo midogo isiyo na idadi, kila mmoja na minyiri yake myembamba, ya kijani na ya zambarau, ikipepea katika hewa tupu kana kwamba sebule nzima ina mkondo wa maji. Samaki wote walihamia upande ule wa kioo wakatulia. Mkewe, bakuli la ugali mkononi, alisimama machozi yakimtoka, na wala hakuwa na huzuni. Uzuri ulikuwa umemzidi kimo.

Mpima ardhi alipiga magoti mbele ya mama yake. Mara ya mwisho alipofanya hivyo alikuwa akimwomba radhi kwa dirisha alilovunja kwa mpira.

"Baba," mama alisema kwa sauti ya chini, "sasa keti. Ilikuwa siku ya mvua..."

"Usitikisike, Mama. Utajifunga." Naye akainuka kwenda kutafuta kichupa.

Baada ya hapo mchana ukawa mgumu. Ngozi ya mama ilikauka, ile midomo ikajikunja, na taulo mbichi hazikufua dafu. Mwenyewe ndiye aliyesema atiwe majini. Wakambeba, mume kichwani na mke miguuni, akiwa mwepesi kama kikapu kitupu, wakamshusha katikati ya mawe. Tangi lilimtosha. Maji yalipanda hadi ukingoni yakasimama hapo.

Tangu hapo mpima ardhi anakaa. Hurudi kazini mapema, huzima simu, huvuta kiti mpaka magoti yaguse kioo, na hukaa hivyo hadi mkewe amwite kula. Majirani wanaokuja kutazama huvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Wengine huondoka wakiwa wamesema neno moja tu, nalo ni jina la Mungu.

Jana mama aliogelea hadi mbele, akaweka kiganja kilichochanua juu ya kioo, akaanza kusema. Sauti haikufika nje ya tangi, lakini mdomo ulikwenda kwa utulivu, neno baada ya neno, ukisita mahali akawa anatafuta kitu kichwani asikipate, ukaendelea. Mkewe aliacha nguo alizokuwa akikunja.

"Mume wangu, Mama anaongea na wewe."

"Nimeona," alijibu mpima ardhi, uso ukimng'aa kwa upendo. "Kalsiamu imeshuka."