Rubani Yuko Ghorofa ya Tatu

…na sauti ni yake kabisa, ndiyo hiyo hiyo ya mwaka tisini na nne, inaniingia masikioni kwenye hizi hedifoni, Kituo, hapa ni rubani, mnanisikia, halafu inanyamaza inanisubiri, na Bakili mwenyewe amekaa mbele yangu kwenye kiti cha plastiki, mdomo kaufumba, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu alichopewa na mtu amshikie kidogo… dakika mbili tu, mama Anifa, kasema Ekta, nashuka kumwomba yule wa viatu apunguze spika, inaingia kwenye maiki, na ameshuka, ndala zake nazisikia kwenye ngazi, na huko chini spika haina habari, raba kali, raba za mtumba, njoo ushike mwenyewe, Kariakoo haijawahi kunyamaza kwa ajili ya mtu, hata zamani mchezo wetu wa redio tulikuwa tunaurekodi Jumapili asubuhi, Harshad baba yake Ekta anaegemeza magodoro madirishani, anaziba mlango kwa kanga, anatuambia haya, sasa mko mbali, wewe Bakili uko kwenye chombo huko angani peke yako, wewe Anifa uko ardhini, mkiongea neno linachukua muda kufika, kwa hiyo msijibizane haraka, na sisi tunacheka maana maiki ilikuwa moja, tumekaa magoti yanagusana, tunaitana kama watu waliotengwa na nyota… mlango wa chombo ulikuwa pampu ya baiskeli, moto wa injini mfuko wa nailoni ukiuminya karibu na maiki, na mgao wa umeme ukituwahi tunaongea gizani tu, mpaka Harshad apate betri, na mama mmoja wa Jangwani, msikilizaji wetu, alikuja na maandazi kwenye hotipoti, akasema ni ya rubani, maana huko juu anakula nini, na Bakili akayapokea kwa mikono miwili, akayala mbele yake bila kucheka, akamwambia shikamoo mama, nimeshiba… halafu wafadhili wakaondoka, mchezo ukakatwa katikati, rubani akaachwa hukohuko anaita, miaka thelathini sasa, na kanda Harshad akaziweka kwenye kopo la biskuti kwake Upanga mpaka alipofariki, ndipo binti yake akazikuta, akanifuata, mama, tuumalizie, tumrudishe nyumbani… nikamwambia Bakili hawezi, alipata kiharusi, ana mwaka wa tatu haongei, akasema hilo lisikusumbue, kompyuta imesikiliza kanda zote arobaini, tukiiandikia neno lolote inalisema kwa sauti yake. Lolote, nikamuuliza. Lolote, mama. Na tangu siku hiyo hilo lolote halijanitoka kichwani… Kituo, hapa ni rubani, mnanisikia, Ekta ameiacha inajirudia, na Bakili hasikii kitu, hedifoni ninazo mimi, anatazama midomo yangu tu, leo binti yake kamleta na bajaji, ngazi zote hizi kapanda mwenyewe, mkono wa kushoto ukutani, kila baada ya ngazi tatu anasimama, na alipoulizwa kama anakubali sauti yake itumike akaitikia kwa kichwa, lakini ataitikia kwa kichwa hata ukimuuliza kama anataka chai… ile Jumanne nilikuwa mtaa wa Kongo nachagua kitenge cha sendofu ya mtoto wa dada aliyekuwa anaolewa, simu ikaita, nikatazama, Bakili, nikairudisha kwenye mkoba, ikaita tena, nikaiacha iite mpaka ikachoka, maana nilijua, ataanza habari za mchezo, Anifa tuurudishe, Anifa yule mtu bado yuko angani, na mimi nilishachoka na ndoto za watu wazima, nikasema nitampigia baadaye, na kabla ya magharibi akapiga binti yake, baba kaanguka… alitaka kusema nini, miaka mitatu najiuliza, labda mchezo, labda kichwa kilikuwa kinamuuma na mtu wa kumwambia ni mimi, na sasa Ekta ana mashine inayosema lolote, nikimwambia andika hapa, Anifa, nilikupigia kwa sababu, inasema, kwa sauti hii hii, hata na kile kikohozi chake kidogo… kwa sababu gani lakini, nani ataandika kinachofuata, ni mimi, nitakaa hapa niandike msamaha wangu mwenyewe kisha nijisomee kwa sauti ya mtu aliyekaa ananitazama… Ehee? Ni Bakili, mkono wake wa kushoto uko kwenye goti langu, ameona uso wangu, ndilo neno pekee lililombakia, ehee, la kuuliza, la kukubali, la kukataa, yote ni hilo hilo, anabadilisha mlio tu, na hili nalijua, alikuwa ananiambia zamani, nikisahau mistari katikati ya kurekodi ananisukuma polepole, ehee, endelea, nami nakumbuka, na Harshad alikuwa anazikata zote kwenye kanda, anasema rubani yuko mbali, hawezi kukusikia na kukuitikia hivyo… alizikata zote, kwa hiyo mashine hainalo, imemeza kanda arobaini na neno hili halimo… nazivua hedifoni, naziweka mezani, Ekta akirudi nitamwambia azime, rubani ataitikia mwenyewe kwa neno alilo nalo, mimi nitaongea mengi zaidi, hadithi itatosha, na kama haitatosha basi itakuwa fupi… Bakili, namwambia, siku ile ulinipigia mara mbili, niliona, jina lako lilikuwa pale, sikupokea. Hajaondoa mkono. Macho yamejaa maji, yake au yangu sijui, anasema ehee, chini kabisa, na sijui ni ehee ya nimekusamehe au ya nilijua siku zote, sitajua, lakini mlio wake ni wa mtu anayetaka kusikia kinachofuata, na huko chini wa viatu bado anapiga kelele, Ekta bado hajapanda, na mimi naendelea, namwambia nilikuwa nimesimama kivulini, mzigo sina, haraka sina, nilikuwa na nafasi, Bakili, nafasi ya kutosha kabisa, na yeye ananifuata neno kwa neno, hanikatizi.