Buluu kwa Koti la Mwalimu Muema

Alhamisi baada ya chai, Mwalimu Muema alikuwa anachora galaksi ubaoni na kucha zake zilikuwa zimeshageuka nyekundu. Hakuna aliyeshangaa. Pale Garissa, walimu waliotoka Kitui na Meru huanza hivyo transfa ikikaribia. Madam Kananu wa kemia alianzia masikioni, na sasa hayupo.

"Mwanga wa galaksi inayokuacha huvutika, ukawa mwekundu," Mwalimu Muema akasema. "Ndio tukajua ulimwengu unatanuka. Inayokuja kwako huelekea buluu."

"Abaayo, dada yangu," Bishara akamnong'oneza Sadiyo kwa dawati la pili, "mwalimu wako anaiva."

"Nyamaza, wallahi."

Sadiyo alikuwa anataka uinjinia, na mwalimu mwingine wa fizikia hakuwepo. Tena huyu alimjua Sadiyo. Tangu Fomu Wani alikuwa akipita kwa dawati lake, anasoma jibu lake kwa sauti, halafu anaendelea na safari bila kutaja ni la nani. Sadiyo alikuwa anainama, anacheka ndani ya hijabu.

Siku hiyo akaomba kumfulia koti lake jeupe la labu. Nyumbani Galbet, mama yake akachungulia beseni.

"Buluu yote hiyo ni ya nini?"

"Ya kumrudisha mwalimu, hooyo."

"Basi ongeza kijiko. Yule wa kemia hatukumwekea kitu."

Jumatatu Mwalimu Muema akaja na koti buluu kama mlango wa duka. Mikono iliyotokeza ilikuwa nyekundu zaidi. Madawati yalikuwa yamesogea mbali na ubao, ikabidi apige kelele.

"Asante, Sadiyo! Lakini mimi sikimbii. Ni kama mapovu ya unga wa anjera ukiumuka kwa ndoo. Nafasi katikati ndio inaongezeka. Hata wewe, kutoka hapa nakuona mwekundu."

"Mimi? Si mimi niko tu hapa, mwalimu."

"Hata mimi nilidhani niko tu hapa."

Ijumaa akaenda na koti lake. Wasichana walimpungia mpaka akawa kama kaa la moto barabarani, halafu wakarudi darasani.

Ofisi ilisema mwalimu mwingine ataletwa. Kwa sasa, kipindi cha fizikia ni cha kufagia uwanja. Sadiyo na Bishara huanzia pale kwa geti. Kila wiki uwanja unakuwa mkubwa zaidi, na mafagio ni yale yale mawili.